Taa za Mama wa Ampuli

Ukimwonyesha kitu, Mama wa Ampuli hakukitazama kwanza. Alikutazama wewe. Alitaka kujua unataka aone nini, ndipo ageuze shingo polepole na kukitazama kile kitu, jicho moja likiwa limefinywa, kama mtu anayesoma maandishi madogo kwenye chupa ya dawa. Tulikaa ukuta kwa ukuta miaka saba pale soko la Nchelenge, kando ya ziwa, mimi na cherehani yangu, yeye na redio zake, simu zake, betri na ampuli zake, kama yeye alivyoziita globu za taa. Katika miaka hiyo yote sidhani kama aliwahi kuniamini siku moja nzima, kuanzia asubuhi mpaka tunafunga.

Mimi pia sikumwamini. Nalisema hili mapema ili mtu asije akafikiri naandika habari za rafiki.

Alikuwa ametoka ng'ambo, upande wa Kongo, na zaidi ya hapo sijui, kwa sababu mwenyewe alikuwa anaishia hapo. Mama yangu alikuwa mtu wa Pweto, hukohuko ng'ambo, kwa hiyo Kiswahili chake hakikunipa taabu. Wengine sokoni walimsemesha Kibemba, naye aliwajibu kwa maneno mawili matatu, "eya mukwai", "awe mukwai", ndiyo na hapana za adabu, akarudi kwenye waya zake. Watu hawapendi mtu anayejibu mafupi. Walisema anaficha kitu. Mimi nilikuwa karibu zaidi kuliko wote, na nilisema hivyo kwa sauti kubwa kuliko wote.

Hakula chakula cha mtu. Kanisani alikaa kiti cha mwisho kabisa, mgongo ukutani, ili asiwepo mtu nyuma yake. Lakini kwaya ikianza kuimba alifumba macho, akaimba kwa sauti nzito iliyopita ya wanaume, na kwa muda ule mtu yeyote angeweza kumwibia mkoba. Sikupata kuelewa mambo hayo mawili yalikaaje ndani ya mtu mmoja. Na kuna hili pia: hakumwachia mtu bisibisi yake hata kwa dakika tano, lakini mwaka nilipolazwa hospitali kwa malaria alifungua kibanda changu kila asubuhi, akawapa wateja nguo zao, kila mmoja na yake, akafunga jioni. Niliporudi nilimshukuru. Akaniuliza, "Nani alikuambia ni mimi?"

Siku moja alipokwenda chooni nilifungua droo yake. Nilikuta daftari. Ndani yake hakukuwa na maneno, ila mistari ya vidoti na mishale, ukurasa baada ya ukurasa, mishale ikielekea huku, mingine kule, na namba moja, mbili, tatu zikijirudia. Wakati huo watu walisema kuna mitumbwi inavusha vitu kwa njia za siri kati ya matete, nami nikajiambia hii ndiyo ramani yake. Nilimweleza jirani wa upande wa pili, muuza salaula, yaani mitumba. Kufika Jumapili, soko zima lilikuwa na habari za daftari la mishale.

Lilikuwa daftari la taa. Nilikuja kulijua hilo kwa sababu ya kinyozi.

Kinyozi alikuwa na kibanda ng'ambo ya njia, na alimwomba Mama wa Ampuli amtengenezee mshale wa ampuli ndogo nyekundu, zile zinazowaka na kuzima kwa zamu hadi mtu anaona moto unakimbia. Mshale ulielekea mlangoni. Lakini siku ulipowashwa, moto ulikimbia kinyume: ulianzia mlangoni ukatoka nje, ukaelekea barabarani. Watu walicheka. Kinyozi hakucheka. Alivuka njia akiwa bado ameshika mashine ya kunyolea.

"Mama, unanifukuzia wateja," alisema. "Taa zako zinawaambia waende zao."

Mama wa Ampuli hakubisha. Alivuka, akakaa chini ya mshale ule, akautazama muda mrefu kwa jicho moja, kisha kwa lingine. Akafungua kisanduku, akachomoa waya mbili, akazibadilisha mahali. Moto ukageuka, ukaanza kuingia mlangoni.

"Umebadilisha nini?" kinyozi aliuliza.

"Zamu."

"Na taa?"

"Taa sikugusa."

Aliporudi nilimwuliza, kwa sababu nilikuwa nimeona kwa macho yangu taa zile zikitembea, na nilikuwa nimeona pia kwamba zimepigiliwa misumari. Alinitazama kwanza mimi, kama kawaida yake. Kisha akachukua ampuli mbili, akaziweka juu ya meza yangu ya kukatia vitambaa, kiasi cha shibiri moja kati yake, akaziunganisha na betri. Aliwasha ya kwanza, akaizima, papo hapo akawasha ya pili.

"Umeona nini?"

"Moto umetoka hapa ukaenda pale."

"Nani amekwenda?"

"Moto."

"Moto gani? Hii ya kwanza imekufa palepale. Hii ya pili imezaliwa palepale. Hapa katikati, kuna nini?"

Katikati kulikuwa na chaki yangu na kipande cha uzi.

"Hakuna kitu," nilisema.

"Lakini umeona mutu anapita hapo."

"Nimeona."

"Alore, basi, ni nani alitembea?" Alijigonga karibu na jicho kwa kidole. "Ni hii. Jicho haipendi kitu ikufe hapa na ingine izaliwe pale. Inasema, ah, ni ileile moja, ametembea tu. Jicho inashona, sawa na weye."

Kisha akaongeza ampuli zikawa mstari. Akanionyesha kwamba zikiwa makundi matatu, la kwanza, la pili, la tatu, kisha la kwanza tena, jicho halipotei: linatoka ampuli iliyozimika kwenda ile iliyowaka karibu zaidi. Ya mbele iko hatua moja, ya nyuma iko hatua mbili, basi moto unakwenda mbele. "Jicho ni mvivu," alisema. "Inaenda kwa jirani." Kinyozi alikuwa amefungiwa waya ya pili mahali pa ya tatu, basi jirani wa karibu akawa upande wa nyuma. Ndiyo ile mishale ya daftari. Niliona aibu, lakini sikumwambia nilichofanya. Nadhani alijua.

Halafu akatoa kundi moja. Yakabaki mawili, nafasi sawasawa: moja inawaka, nyingine inazima, moja inawaka, nyingine inazima.

"Sasa zinakwenda wapi?"

"Kwa mlango," nilisema.

"Mimi minaona zinakwenda kwa barabara."

Nilitazama tena. Mara zikageuka, nazo zikaenda barabarani. Hakuwa amegusa kitu chochote.

"Ya mbele iko hatua moja, ya nyuma iko hatua moja," alisema. "Jicho haina njia. Alore inauliza moyo: weye unataka wapi? Na moyo inajibu. Ile ni kitu mubaya sana. Mi sifungake taa za zamu mbili. Siku moja zitamudanganya mutu, na yeye ataapa kwamba ameona."

Ndivyo alivyokuwa. Kile alichokiogopa hakikuwa wezi wala polisi wala wachawi. Aliogopa mtu anayesema nimeona. Kulikuwa na mchuuzi mmoja wa samaki wakavu, Mkongo mwenzake, aliyependa kujisifu kwamba yeye haamini ila kile anachokiona. Mama wa Ampuli alimsikiliza, kisha akapindua baiskeli ya mchuuzi huyohuyo magurudumu juu, ndani ya kibanda chenye giza kidogo, akawasha taa yake inayopepesa haraka haraka, akazungusha gurudumu kwa mkono. Sote tuliona mkono wake ukisukuma mbele. Sote tuliona njiti za gurudumu zikirudi nyuma polepole, kama mtu anayesitasita.

"Baiskeli yako inaenda wapi, Papa?"

Yule mchuuzi alichukua baiskeli yake akaondoka bila kuaga. Baadaye alieleza watu kwamba mama yule amemrogea baiskeli, na alipofika Mwansabombwe akaiuza. Hivyo ndivyo Mama wa Ampuli alivyojipatia sifa ya uchawi. Kila alipomfungulia mtu macho, mtu huyo aliondoka akiwa na shaka, lakini shaka yenyewe ilimwangukia yeye.

Sasa nifike kwenye taa za bandarini, ambazo ndizo zinanifanya niandike.

Maji ya ziwa yalikuwa yamepanda, yakafunika mawe ya gati la zamani. Mchana wavuvi waliyaona kama weusi chini ya maji. Giza likiingia hawakuyaona kabisa. Kupita salama ilikuwa ni upande wa Chienge, kaskazini. Upande wa Mwansabombwe, kusini, mawe yalikuwa yanangoja. Kamati ya bandari ikamwomba Mama wa Ampuli afunge mstari wa taa kwenye ukuta wa ghala la samaki, unaotazama ziwani, moto ukikimbia kuelekea Chienge, ili mtu akiwa majini aone aelekee wapi. Alifunga makundi matatu. Ilikuwa kazi nzuri. Mitumbwi kutoka kisiwa cha Chisenga iliiona kutoka mbali, na msimu mzima hakuna aliyegonga.

Kisha mvua ikaingia kwenye kisanduku na njia moja ya umeme kati ya tatu ikaungua. Kipande cha kuibadilisha kilipatikana Lubumbashi tu. Alimwambia mwenyekiti wa kamati kwamba taa zizimwe mpaka kipande kifike. Mwenyekiti, mtu mzima aliyependa mambo yaende, akamjibu, "Mama, watu wako majini. Taa mbovu ni afadhali kuliko giza. Fanya unachoweza, mukwai."

Akafanya. Alizipanga upya ampuli katika makundi mawili, nafasi sawa. Mimi nilimwona akifanya hivyo; nilikuwa nimempelekea mwenyekiti koti lake nililolishona. Alipomaliza alisimama mbali, akafinya jicho, akatazama. Nilimwona akitikisa kichwa kwamba ndiyo, zinakwenda Chienge. Nami nikatazama, nikaona zinakwenda Chienge. Sikukumbuka meza yangu. Au labda nilikumbuka nikanyamaza, kwa sababu yeye ndiye fundi. Jambo hili nimelipindua mara nyingi.

Kaka yangu mkubwa, ambaye sisi sote tunamwita Yaya, kama ng'ambo wanavyomwita mkubwa wao, alikuwa Chisenga wiki mbili kwenye kambi ya wavuvi. Huko walikuwa wamesikia maneno kwamba kamati itahamisha mahali pa kuingilia, ipeleke upande wa Mwansabombwe, kwa sababu ya mchanga. Yalikuwa maneno tu. Siku ya tatu baada ya taa kupangwa upya alirudi na mtumbwi wa injini, yeye na mwenzake Chola, mvua nyembamba ikinyesha, giza ndilo kwanza linaingia. Nilikuwa ufukweni nikiwangoja pamoja na mke wake. Tulisikia injini. Tuliona kivuli cha mtumbwi kikikata upande wa Mwansabombwe. Nikatupa macho ghalani, na taa zilikuwa zinakimbia upande huohuo, Mwansabombwe, pamoja na mtumbwi, wazi kabisa. Nikasema moyoni, kumbe wamehamisha.

Kisha tukasikia mbao zikipasuka.

Chola hakutoka. Alipatikana asubuhi. Yaya tulimtoa na mguu umevunjika mahali pawili, na mimi ndiye niliyemshika kichwa wakati wanaume wanamwinua. Alikuwa anahema karibu na uso wangu. Harufu ya pombe ilikuwapo. Haikuwa kali, lakini ilikuwapo. Nilichukua kitenge changu nikampangusa mdomo, nikampangusa tena.

Kabla hata Chola hajazikwa, maneno yalikuwa tayari yamegawanyika. Wengine walisema Yaya alikuwa amelewa, maana mtu aliyeingia pale miaka ishirini anakosaje njia? Wengine walisema taa zimegeuzwa. Waliokuwa ufukweni walianza kugombana wao kwa wao: huyu aliziona zikienda Chienge, yule akaapa kwa marehemu mama yake kwamba zilikwenda Mwansabombwe. Na kila aliyesema zimegeuzwa, neno lake la pili lilikuwa ni nani aliyezigeuza.

Kamati iliita mkutano ndani ya ghala lilelile, mchana. Mama wa Ampuli alikuja na ubao wenye ampuli nane. Hakuna aliyemwambia akae, naye hakukaa. Aliomba milango ifungwe kidogo, akaunganisha betri, ampuli zikaanza kuwaka kwa zamu mbili.

"Wale beko wanaona zinakwenda kwa Chienge, wanyooshe mukono."

Mikono ilinyooka, karibu nusu.

"Wale beko wanaona kwa Mwansabombwe."

Nusu nyingine. Watu walianza kutazamana. Mzee mmoja alinyoosha mkono mara zote mbili, akacheka, kisha akaona hakuna anayecheka.

"Mama wa Chola," alisema, na sauti yake ilishuka, "na weye Papa Chairman. Hakuna mutu aligeuza taa. Taa za zamu mbili hazina njia. Mutu anaona kwenye moyo yake inaenda. Minajua hii kitu miaka mingi. Na siku ile nilisimama, nilitazama, niliona Chienge, sababu nilitaka Chienge. Nilijidanganya mimi mwenyewe. Ilifaa nikatae kuwasha. Sikukatae. Kosa ni yangu."

Nimewahi kusikia watu wengi wakiungama. Sijasikia mwingine aliyeungama kiasi kilekile cha kosa lake, bila kupunguza, bila kuongeza. Lakini watu walisikia neno moja tu, kosa ni yangu. Mtu wa nyuma akapaza sauti kwa Kibemba kwamba ameshatutia dawa machoni, si mmeona, tumetazama kitu kimoja tumeona viwili! Kelele zikapanda. Muuza salaula akakumbusha watu kuhusu daftari la mishale.

Hapo akanigeukia. Katika watu wote wale alinitafuta mimi.

"Jirani yangu anajua," alisema. "Nilimufundishaka kwenye meza yake. Sema, mama. Waambie."

Mwenyekiti akaniambia nisimame. Nilisimama. Yaya alikuwa amelala kwenye mkeka karibu na mlango, mguu umefungwa vijiti, ananitazama. Mke wake alikuwa ananitazama. Niliwaza: nikieleza kwamba taa hazina njia, kwamba mtu huona kile kilichomo ndani yake, watauliza ndani ya Yaya kulikuwa na nini.

Nikasema, "Mimi niliona taa zinakimbia kwenda Mwansabombwe. Niliona kwa macho yangu."

Ilikuwa kweli. Hilo ndilo lililonisumbua baadaye, kwamba sikusema uongo hata neno moja. Mwenyekiti akaniuliza, "Na hayo ya mezani?" Nikajibu, "Alinionyesha mambo mengi. Sikuyaelewa."

Mama wa Ampuli alinitazama kitambo. Kisha akachomoa waya za betri, moja moja, akazikunja, akabeba ubao wake.

Hawakumpiga. Walifanya lile ambalo watu hufanya: hawakumletea tena kazi. Redio zilizokuwa kwake zilichukuliwa zikiwa bado wazi tumbo. Mtu alimwaga maji ya samaki mlangoni pake, siku tatu mfululizo. Siku ya nne nilifika nikakuta kibanda chake kitupu, kimefagiwa, na upande wangu wa ukuta alikuwa ameziba kwa bati lile tundu ambamo tulizoea kupitishiana kiberiti. Walisema amekwenda kwenye makazi ya wakimbizi, analima mihogo.

Yaya alipona, akabaki na mkongojo. Hakurudi ziwani. Alikaa kibandani kwangu akinisaidia kupiga pasi, na hatukuzungumza habari za siku ile. Nilikuwa nadhani ananyamaza kwa sababu ya maumivu. Yeye, nilikuja kujua, alikuwa ananitazama kama nilivyomtazama, kila mmoja akipima mwenzake anajua kiasi gani. Tuliishi hivyo miaka mitatu.

Kilichotutoa hapo ni duka la simu lililofunguliwa mbele yetu, likawekwa taa za kijani kuzunguka dirisha. Yaya alikuwa anapiga pasi suruali. Alisimamisha mkono.

"Zile unaziona zinakwenda wapi?"

Nilitazama. "Juu," nilisema.

"Mimi naziona zinashuka." Pasi ilikuwa inaanza kuunguza. "Siku ile kwa ghala, yule mama alisema ukweli. Sivyo?"

Nikatoa pasi mikononi mwake. Nilisema ndiyo. Nilimweleza yale ya mezani, ampuli mbili, na zamu. Alichukua mkongojo wake. Kisha akasema, "Nipeleke."

Tulikwenda huko makazi siku iliyofuata, asubuhi, kwa gari la mchuuzi wa unga. Nyumba ya Mama wa Ampuli ilikuwa ya udongo, safi, na nje chini ya kibaraza cha nyasi kulikuwa na meza yenye redio moja na mizani ya sokoni yenye uso wa saa. Alikuwa anamenya mihogo. Alituona tangu barabarani, nasi tuliona kwamba ametuona, na hakuinuka. Alikuwa amekonda. Nilimwamkia. Aliitikia, kisha akamtazama Yaya, mkongojo, mguu, uso.

"Nani amewatuma?"

"Hakuna," Yaya alisema. "Nimekuja mwenyewe."

"Munataka nifunge taa tena?"

"Hapana, Mama."

Alimenya muhogo mzima. Halafu akamwuliza, kwa sauti ileile ambayo angeuliza kama betri ilichajiwa, "Siku ile ulikuwa umekunywa?"

Nilishika nguo yangu. Miaka mitatu, mji mzima ulikuwa umelisema hilo pembeni, nyuma ya mgongo, kanisani na sokoni, na mimi nilikuwa nimelifuta kwa kitenge. Hakuna mtu aliyekuwa amemwuliza.

"Ndiyo," Yaya alisema. "Vikombe viwili, pale Chisenga, kabla ya kutoka. Nilikuwa nangoja mtu aniulize."

"Na taa?"

"Niliziona zinakwenda Mwansabombwe. Nilikuwa nimesikia wamehamisha. Hilo ni kweli pia."

"Vikombe viwili haigeuze taa," alisema.

"Lakini vinafanya mtu asipunguze mwendo. Ningepunguza mwendo, Chola angekuwa hai."

"Ningekataa kuwasha, Chola angekuwa muzima."

Walibishana hivyo, kwa upole, kila mmoja akivutia kwake. Mimi nilisimama pale kama mtu asiyeitwa. Mwishowe aliinuka, akaingia ndani, akatoka na kiti kimoja. Akamwekea Yaya. Kisha akanigeukia, akanitazama kwa macho yote mawili.

"Na weye?"

"Nilijua," nilisema. "Nilielewa siku ileile uliyonifundisha. Na nilisikia harufu mdomoni mwake. Nilinyamaza yote mawili."

"Utasema lini?"

"Jumamosi, kwa kamati."

"Jumamosi gani?"

"Hii inayokuja."

"Saa ngapi?"

Nilimwambia saa nne. Alirudi kwenye mihogo yake, na tulipoondoka alimsindikiza Yaya mpaka barabarani, akitembea upande wake wa mkongojo, bila kunisemesha.

Jumamosi ile tulisimama katika ghala, Yaya kwanza, kisha mimi. Nilisema juu ya somo la mezani, juu ya daftari ambalo nililifungua bila ruhusa, juu ya harufu, juu ya jibu nililompa mwenyekiti. Mwenyekiti alinitaka nirudie mara mbili. Wengine walinong'ona kwamba tumerogwa huko tulikokwenda. Mama yake Chola alisikiliza mpaka mwisho akiwa ameinama. Kisha akavuka sakafu, akakaa karibu na Yaya, akashika mkono wake, na wote wawili wakalia bila sauti. Mimi hakunishika, wala sikutegemea.

Nilitoka nje kupata hewa. Ukuta wa ghala ni wa mbao, na mtu akikaa upande wa kivulini husikia kila neno linalosemwa ndani. Mama wa Ampuli alikuwa amekaa pale juu ya kasha la samaki, baiskeli ya kuazima imeegemezwa pembeni, viatu vyekundu kwa vumbi la njia yote ile. Sijui alikuwa amefika saa ngapi. Nadhani kabla yangu.

"Umesikia?" nilimwuliza.

"Nimesikia." Aliinuka, akajipangusa gauni nyuma. "Umesema."

Nikataka kumwambia arudi, kibanda chake bado kitupu, nitazungumza na watu. Alikuwa tayari amegeuza baiskeli.

"Lakini umechelewa," alisema, akapanda, akashika njia ya makazi.